Sarafu za Kilwa zilifikaje Australia, na hiyo iliyookotwa ufukweni uifanyeje

Swali: Mimi ni mwalimu wa historia wilayani Kilwa. Wanafunzi wananionyesha video zinazodai kwamba Waswahili ndio waliogundua Australia kabla ya Wazungu, kwa kuwa sarafu za Kilwa ziliokotwa huko. Kuna ukweli gani? Isitoshe, mwanafunzi mmoja ameokota kisarafu cha kijani ufukweni Kilwa Kisiwani maji yalipokupwa. Nitajuaje kama ni cha masultani wa kale? Nikisafishe kwa kitu gani ili maandishi yasomeke? Na je, maabara zinaweza kupima umri wake kwa kaboni?

Jibu: Mwalimu, nianze na la haraka. Hicho kisarafu kisiguswe na ndimu, siki, ukwaju, majivu, dawa ya kung'arishia vyombo wala brashi ya waya. Kiweke juu ya karatasi nyeupe kavu, kisha leo hii hii mwanafunzi akupeleke hadi pale alipokiokota, kabla bamvua halijafuta kila alama. Jinsi ya kukihifadhi nitaeleza chini. Kwanza nimalize la Australia, kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri kwa nini mahali sarafu ilipookotwa pana uzito kuliko sarafu yenyewe.

Sarafu ziliokotwa kweli, hilo halina ubishi. Mwaka 1944, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Maurie Isenberg alikuwa mwanajeshi wa jeshi la anga la Australia katika kituo cha rada kwenye kisiwa cha Marchinbar, mojawapo ya visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Alikuwa akivua samaki alipoziona mchangani. Zilikuwa tisa. Akazitia koponi, na hazikuwafikia wataalamu hadi mwaka 1979. Nne zilitambuliwa kuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, vijisarafu vya shaba vinavyoitwa duit, kongwe kabisa ikiwa ya 1690 na za karibuni zikiwa za miaka ya 1780. Tano zilizobaki ni za Kilwa. Leo ziko Sydney, kwenye makumbusho ya Powerhouse. Mwaka 2013 mwanaanthropolojia Ian McIntosh aliongoza msafara kurudi Marchinbar, akifuata ramani ambayo Isenberg mwenyewe alikuwa ameitia alama ya X. Sarafu nyingine ya Kilwa haikupatikana.

Hapo ndipo ushahidi unapokoma. Yanayofuata kwenye hizo video ni hesabu mbovu: sarafu ina miaka mia saba au elfu moja, kwa hiyo imelala Australia miaka mia saba au elfu moja. Umri wa sarafu ni umri wa siku ilipotengenezwa. Chukua sarafu iliyotengenezwa mwaka 2014 ambayo bado iko mfukoni mwako: haimwambii mtu ulifika sokoni lini. Inachoweza kusema ni kwamba hukufika nayo kabla ya 2014. Kanuni ni hiyo hiyo kwa kila sarafu ya kale duniani: inaweka mpaka wa mapema kabisa, haiweki mpaka wa mwisho.

Sasa itumie kanuni hiyo kwa sarafu zote tisa kwa pamoja. Kama zilikuwa katika mkoba mmoja na zilianguka siku moja, basi haziwezi kuwa zilianguka kabla ya miaka ya 1780, kwa sababu ndani yake zimo za Kiholanzi za miaka hiyo. Huo ni wakati ambao Kilwa ya masultani wenye sarafu zao ilikuwa imeporomoka zamani. Ibn Battuta aliitembelea Kilwa mwaka 1331, enzi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kutoka hapo hadi miaka ya 1780 ni takriban miaka 450. Kama, kwa upande mwingine, za Kilwa zilianguka peke yake na za Kiholanzi zikaja baadaye kwa mkono mwingine, basi hatujui lolote kuhusu siku ya zile za Kilwa. Na ufukwe hausaidii kuamua. Mawimbi huchambua vitu kwa uzito na ukubwa, hivyo vipande viwili vya shaba vinavyolingana vinaweza kukusanywa katika bonde moja la mchanga hata kama viliangushwa kwa miaka mia mbili tofauti. Duit na sarafu ya Kilwa zinakaribiana mno kwa kipenyo. Kukutwa pamoja ufukweni si sawa na kukutwa pamoja ndani ya chungu kilichozikwa.

Linganisha na Mtambwe Mkuu, Pemba. Mwaka 1984 ilipatikana pale akiba ya sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu kutoka nchi za Kiislamu. Vile vya fedha havina tarehe, vina majina tu, na mojawapo ni Ali bin al-Hasan. Lakini dinari zina tarehe, na ya mwisho kabisa inaangukia mwaka 1066. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, tarehe ya dinari ikavuta tarehe ya zile za fedha. Kabla ya hapo, wanahistoria wengi waliokuwa wakimsoma Ali bin al-Hasan kwenye sarafu za shaba za Kilwa walimweka karne ya 12 hadi 13. Akiba moja iliyokutwa mahali pake ikawalazimisha kumfikiria upya katika karne ya 11. Hakuna aliyezitazama sarafu kwa makini zaidi kuliko waliotangulia. Tofauti ni kwamba safari hii ilijulikana ni kipi kilikuwa kando ya kipi.

Turudi Marchinbar. Nani angeweza kuzifikisha? Njia ni kadhaa, na si zote zina nguvu sawa.

Ya kwanza ndiyo inayopendwa kwenye video: jahazi la Kilwa lililokwenda moja kwa moja. Kutoka Kilwa hadi visiwa vya Wessel, hata ukipiga mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 10,000. Tatizo kubwa zaidi ni upepo. Kaskazi na kusi, zilizojenga biashara ya mwambao wetu, zinakupeleka Arabuni na India na kukurudisha. Lakini ukishuka kusini mwa Ikweta na kuelekea mashariki, pepo zinazotawala sehemu kubwa ya mwaka zinatoka mashariki na kusini-mashariki, yaani zinakupiga usoni. Ni pepo hizo hizo zilizowafaa mababu wa Wamalagasi waliotoka visiwa vya Indonesia kuja upande huu. Safari ya kinyume chake katika latitudo hizo ni ngumu, na hakuna kigae cha chungu cha mwambao, ushanga wala kaburi huko Australia linaloiunga mkono.

Ya pili ni ya hatua kwa hatua. Mreno Tomé Pires, aliyeandika kuhusu bandari ya Melaka (Malaysia ya leo) baada ya Wareno kuiteka mwaka 1511, aliwataja watu wa Kilwa na wa Malindi miongoni mwa wafanyabiashara waliofika pale. Hili mimi naona wanafunzi wako wanapaswa kulijua kuliko hadithi ya kugundua Australia, kwa sababu lina shahidi aliyeandika. Mtu wa Kilwa akiwa Melaka na sarafu chache za nyumbani pembeni mwa mkoba wake ni jambo la kawaida kabisa. Kutoka hapo sarafu ingeweza kupita mikono mingi katika visiwa vya Indonesia.

Ya tatu ni Wareno wenyewe. Francisco de Almeida aliishambulia Kilwa mwaka 1505, akaacha ngome na askari walioondoka mwaka 1512. Baadhi ya watu wa meli hizo waliendelea hadi Goa, Melaka na visiwa vya mashariki, na baadaye Wareno wakaweka mizizi Timor, ambako kutoka pwani ya kaskazini ya Australia si mbali sana. Askari kubeba sarafu za mji alioupora si jambo la ajabu.

Ya nne ni wavuvi wa Makassar, kisiwani Sulawesi. Hao walikuwa wakivuka kila mwaka na pepo za magharibi, kuanzia Desemba hivi, kwenda pwani ya Arnhem Land kukusanya jongoo bahari wa kuuza China, na kurejea pepo za kusini-mashariki zinapoanza. Safari hizo zilishamiri karne ya 18 na zikaendelea hadi 1907. Waholanzi waliitawala Makassar tangu miaka ya 1660, kwa hiyo duit mfukoni mwa mvuvi wa huko ni kitu cha kila siku. Zile sarafu nne za Kiholanzi hazina fumbo lolote. Fumbo ni moja tu: zile tano.

Ya tano inawaudhi wengi lakini haikwepeki: mtu wa karne ya 19 au ya 20 aliyekuwa na mkusanyiko wa sarafu, baharia au mwanajeshi, akazipoteza. Kwa kuwa ziliokotwa juu ya mchanga na si ndani ya tabaka lililofukuliwa, hakuna kinachoizuia.

Uamuzi wangu ni kwamba ile ya kwanza ndiyo dhaifu kuliko zote, na kwamba inaelekea zaidi zilipita kwenye visiwa vya Indonesia, baada ya 1500. Kuna jambo linaloniegemeza huko. Sarafu ya shaba ya Kilwa ilikuwa na thamani kwa sababu watu wa Kilwa na majirani zake waliikubali. Nje ya hapo ni kipande cha shaba tu. Ndiyo maana karibu zote zimepatikana Kilwa yenyewe, Songo Mnara, Mafia, Pemba na Unguja. Mbali zaidi zinahesabika: moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, jambo linaloendana na biashara ya dhahabu ya Sofala. Zikikutwa tano mahali pamoja, mbali namna hiyo, dhana nyepesi ni mtu mmoja aliyezibeba kama kumbukumbu. Mtandao wa biashara uliozitumia kama fedha ungeacha nyingine njiani.

Mwaka 2018 mwanaakiolojia Mike Hermes aliokota sarafu nyingine katika kisiwa cha Elcho, eneo hilo hilo, na akasema vipimo vyake vinalingana na vya sarafu za Kilwa. Inafurahisha, lakini tahadhari: sarafu za Kilwa zenyewe zinatofautiana sana kwa uzito na ukubwa, hata za sultani mmoja. Kulingana kwa vipimo peke yake ni ushahidi mwepesi. Ingehitaji jina linalosomeka, au uchunguzi wa madini yake.

Na neno "kugundua" liondoeni darasani. Wenyeji wa Australia wamekuwepo zaidi ya miaka 50,000, na visiwa vya Wessel ni vya Wayolngu, ambao waliwafahamu vizuri hao wavuvi wa Makassar na kufanya nao biashara. Hata hoja ya "kabla ya Wazungu" kwenye video nyingi inapimwa kwa James Cook wa mwaka 1770, ilhali Mholanzi Willem Janszoon alitia nanga huko mwaka 1606.

Ukiulizwa na wanafunzi ni nini kingebadilisha mawazo ya wataalamu, waambie hivi: sarafu moja tu ya Kilwa iliyofukuliwa ndani ya tabaka ambalo halijavurugwa, likiwa na mkaa au magamba ya kupima, na chini ya vitu vya Kiholanzi. Au vigae vya vyungu vya mwambao wetu. Au mbao za meli ambazo aina ya mti wake inaota Afrika Mashariki.

Hapo linaingia swali lako la kaboni. Haiwezekani kupima shaba kwa kaboni 14. Njia hiyo hupima kitu kilichowahi kuwa hai: mkaa, mbegu, mfupa, gamba. Kiumbe kikifa huacha kuingiza kaboni mpya, na ile kaboni 14 iliyomo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Shaba haikuwahi kula wala kupumua, hivyo hakuna saa ndani yake. Kinachopimwa ni mkaa uliolala kando ya sarafu, na kipimo kina maana tu kama una uhakika vililala pamoja. Maabara zinaweza kuichunguza shaba yenyewe kwa njia nyingine: kiasi cha risasi, bati na zinki, na uwiano wa isotopu za risasi (aina za atomi zake zinazotofautiana kwa uzito), ambao husaidia kukisia mgodi ulikotoka. Hilo linajibu "imetoka wapi" na halijibu "ilianguka lini".

Sasa kisarafu chenu. Anza kwa kuondoa visivyowezekana, maana ufukwe wa Kilwa una sarafu za zama nyingi na nyingi zina maandishi ya Kiarabu.

Kisogeze karibu na sumaku ndogo bila kukikwaruza. Kikivutwa, kina chuma ndani, na hicho ni cha juzijuzi. Kisha tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na upime kipenyo kwa rula ya milimita katika sehemu tatu tofauti. Kikiwa duara kamili, kipenyo milimita 25 hivi na uzito unaokaribia gramu 6.5, karibu hakika ni sarafu ya mashine ya karne ya 19. Zote za kundi hilo zilifuata kipimo cha robo ana, sarafu ndogo ya shaba ya India ya Waingereza. Pesa ya Sayyid Barghash ina picha ya mizani na mwaka wa Hijria 1299 au 1304, yaani 1882 na 1887. Pesa ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya 1890 hadi 1892, ina tai upande mmoja na Kiarabu upande wa pili. Ya Kampuni ya Kiingereza iliyotolewa Mombasa mwaka 1888 nayo ina mizani. Robo ana ya India mara nyingi huwa na Kiingereza kinachoonekana hata ikiwa imelika. Kutu hupunguza au kuongeza uzito kidogo, lakini haiwezi kuigeuza sarafu ya milimita 25 kuwa ya 20.

Sarafu ya shaba ya Kilwa ina sura nyingine kabisa. Ni ndogo na nyembamba, mara nyingi kipenyo cha sentimita mbili hivi, uzito wa gramu chache tu. Kingo zake hazikunyooka, na maandishi mara nyingi yamesogea upande mmoja kiasi kwamba sehemu ya jina imekatika. Haina picha ya mtu wala mnyama. Haina mwaka. Nukta za herufi mara nyingi hazionekani, ndiyo maana hata msomaji mzuri wa Kiarabu hukwama mwanzoni.

Kinachosaidia kuisoma ni kwamba waliozitengeneza walipenda vina. Upande mmoja una jina la sultani, na upande wa pili una maneno ya kumtegemea Mungu yanayofuata kina cha jina hilo. Kwenye za Ali bin al-Hasan, upande wa pili unasomeka *yathiku bi-mawla al-minan*, yaani anamtegemea Mola mwenye neema: Hasan, minan. Kwa hiyo ukifanikiwa kusoma mwisho wa upande mmoja, unajua sauti ya kutafuta mwisho wa upande wa pili. Tafuta kwanza neno "bin", ambalo ni fupi na hukaa katikati ya jina, kisha alifu na lamu za "al-Hasan" zinazosimama wima. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Ali bin al-Hasan, al-Hasan bin Sulaiman, Sulaiman bin al-Hasan na Daud bin al-Hasan. Kuna pia kundi kubwa lenye "Nasir ad-Dunya", ambalo ni lakabu ya heshima na si jina la mtu, ndiyo maana mwenyewe amewasumbua sana wanahistoria. Sarafu za dhahabu za Kilwa zinazojulikana ni tatu tu, zote za al-Hasan bin Sulaiman, basi mtu akikuuzia ya nne, kaa naye mbali.

Huna haja ya kusafisha ili usome. Unachohitaji ni mwanga. Iweke sarafu mezani chumbani penye giza, simu au kamera iwe juu yake moja kwa moja, juu ya rundo la vitabu ili isitikisike. Zima taa ya kamera. Washa tochi na uilaze karibu iwe sambamba na meza, nyuzi 10 hadi 20 tu, ili kila herufi iliyoinuka itupe kivuli. Piga picha nne, mwanga ukitoka kushoto, juu, kulia na chini. Geuza, rudia. Rula iwe ndani ya kila picha, kwa kimo kile kile cha sarafu na si chini yake. Herufi isiyoonekana kwa mwanga wa juu hutokea ghafla kwa mwanga wa kushoto. Usijaribu kuweka karatasi juu na kusugua penseli, kwani kutu iliyolegea hubanduka na kuondoka na herufi.

Kwa nini nasisitiza kutosafisha? Kwenye shaba iliyokaa karne nyingi ardhini au kwenye maji ya chumvi, uso wa awali wa sarafu mara nyingi haupo tena kwenye metali. Umehamia ndani ya tabaka la kutu. Maandishi yameandikwa kwenye hicho kijani. Ndimu, siki na ukwaju ni tindikali: huyeyusha kijani chote kwa dakika chache, na kinachobaki ni kidonge cha shaba chekundu, chenye mashimo, kisicho na herufi hata moja. Watu hudhani sarafu ilikuwa imelika tangu mwanzo, kumbe imelika kwenye bakuli.

Adui wa pili ni chumvi ya bahari. Kloridi inapoingia kwenye shaba hutengeneza kiwanja kinachotulia kikiwa kikavu. Kikipata unyevu na hewa, hugeuka unga wa kijani kibichi mwepesi na kutoa tindikali ya hidrokloriki, ambayo hushambulia shaba iliyo jirani na kutengeneza kloridi nyingine. Mzunguko hujiendesha wenyewe hadi sarafu ikaisha. Utaujua kwa rangi: kutu tulivu ni ngumu, ya kijani iliyokoza au ya kahawia. Ile hai ni nyepesi, kama unga, katika vidoa vidogo. Ndiyo kazi ya ile karatasi nyeupe. Ukikuta baada ya siku chache imedondokewa na unga wa kijani, sarafu inaumwa na isicheleweshwe.

Tiba yake ni ya wahifadhi wa makumbusho, wenye kemikali ambazo baadhi ni sumu. Wewe unaweza kusimamisha mzunguko kwa kuondoa unyevu. Kama sarafu imeshakauka, iache kavu, usiiloweke tena. Kama ilitoka majini na bado imelowa, izamishwe yote kwenye maji yaliyokenekwa na ipelekwe haraka, kwani kulowa na kukauka kwa zamu ndiko kunakoiua upesi. Ile kavu itie kwenye kopo la plastiki gumu, lile la chakula lenye mfuniko wenye mpira unaobana, pamoja na vifuko vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu au vifaa vya umeme. Angalizo: vifuko hivyo vikikaa wazi hapo pwani, ambapo unyevunyevu wa hewa kwa kawaida hupita asilimia 70, vinakuwa vimeshashiba na havinyonyi kitu. Mimina chembe zake kwenye trei ya bati, zikaushe ndani ya oveni kwenye nyuzi 110 kwa saa mbili, ziache zipoe ndani ya kopo lililofungwa, ndipo uzitumie. Lengo ni hewa ya ndani kuwa chini ya asilimia 40. Mchele haufai kwa kazi hii. Vifuko vya plastiki laini vyenye harufu kali pia havifai, wala boksi la mbao au kadibodi, maana hutoa mvuke wenye tindikali. Shika sarafu kwa kingo tu, kwa sababu jasho la vidole lina chumvi ile ile.

Mkiwa ufukweni, fungua ramani ya simu, subiri itulie dakika moja au mbili pasipo na miti, kisha andika latitudo na longitudo kwa tarakimu tano baada ya nukta. Simu yenyewe hukosea mita tano hivi, lakini ukiishia tarakimu mbili utakuwa umekosea kilomita moja. Andika umbali kwa hatua kutoka mstari wa maji kujaa, na kutoka ukuta au gofu lililo karibu. Piga picha ya pale chini na ya mandhari nzima. Angalieni kilichopo katika duara la mita mbili tatu: vigae vyenye rangi, vigae vya vyungu vya kienyeji vilivyochorwa mistari, shanga, mkaa, magamba. Msiviokote. Vipigeni picha vilipo.

Swali la kujiuliza hapo ni hili: je, sarafu imeletwa na maji, au imedondoka kutoka ukingo ulio juu yake? Kilwa Kisiwani imekuwa ikiliwa na bahari, na mmomonyoko ni moja ya mambo yaliyoifanya iwekwe kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini kati ya 2004 na 2014. Kama kuna ukingo wa udongo uliokatwa na mawimbi, utazame kwa macho tu. Ukiona ndani yake mstari wa vigae, chokaa au majivu, mmepata tabaka ambalo sarafu huenda imetoka, na hilo lina thamani mara nyingi kuliko sarafu. Songo Mnara, wanaakiolojia walikuta zaidi ya sarafu 300 za Kilwa zimewekwa chini ya sakafu ya nyumba. Zingesombwa na maji zikaokotwa mojamoja, tungekuwa na sarafu 300 na tusijue lolote kuhusu nyumba ile. Msichimbe hata kidogo kwa kijiti, maana kuchimba bila kibali ni kosa kisheria.

Na kuhusu sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Pesa ya Barghash ni ya baada ya mwaka huo, ila sarafu ya sultani wa Kilwa ni ya kabla yake, kwa hiyo inalindwa. Aliyeiona anapaswa kutoa taarifa, na kuitoa nje ya nchi bila kibali hairuhusiwi, hata kama mtalii ataahidi kuirudisha. Ipelekeni ofisi inayosimamia magofu ya Kilwa, mkiwa na karatasi yenye vipimo, picha nane za mwanga na maelezo ya mahali. Ombeni barua ya kupokelewa yenye jina la mwanafunzi kama aliyeiokota, kisha nakala moja ya kila kitu ibaki shuleni.

Ukitaka msaada wa kusoma maandishi, nitumie zile picha nane pamoja na uzito na kipenyo. Picha moja iliyopigwa juani haitoshi.